Perege Waliogeuka Weusi Birikani

Tangu mwezi uliopita kazi ya birika iko mikononi mwenu, na kila mmoja wenu kwa wakati wake amenijia barazani na swali lile lile: nikimwona samaki ana doa, nifanye nini? Nimewajibu kwa mdomo, lakini maneno ya barazani huishia barazani. Kwa hiyo nimeomba wino na karatasi, na nitaandika niliyoyaona katika miaka yangu ya kutunza birika la msikiti wetu hapa Bagamoyo. Msitafute humu habari za kupandishwa cheo. Birika liko chini, na anayelitunza hushuka tu.

Mimi ni mtu wa Mbegani. Baba yangu alikuwa mvuvi na kaka zangu wote ni wavuvi, ila mimi bahari ilinikataa. Kila nikipanda chomboni nilitapika kutwa nzima, hata kaka zangu wakasema kwamba wao wanawavua samaki na mimi nawalisha. Nilipotimiza miaka ishirini na kitu nikaja mjini kutafuta kazi ya nchi kavu, nikasikia kwamba msikiti unataka mtu wa kuteka maji.

Aliyekuwa na kazi ile kabla yangu aliitwa Fundi Kondo. Alikuwa mchimba visima wa zamani, mfupi, mwenye kikohozi kisichokwisha, na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vilisagwa na jiwe huko chini ya ardhi. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, ndiyo maana alihitaji msaidizi, ingawa mwenyewe alisema ni mgongo.

Siku ya kwanza nilimsalimu nikainua ndoo.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Unajua kuteka maji?"

"Najua."

"Basi usinionyeshe. Weka ndoo chini, kaa pale ngazini, utazame samaki mpaka adhuhuri."

Nikakaa. Adhuhuri ilipofika akaniuliza wako wangapi. Nikasema kama thelathini. Akakohoa, akasema, "Hakuna samaki wanaoitwa kama thelathini. Kaa tena mpaka alasiri." Walikuwa arobaini na mmoja, na mmoja wao alikuwa na jicho moja. Siku yangu ya kwanza ya kazi sikuteka hata ndoo moja.

Kwa ajili ya atakayesoma haya bila kulijua birika letu: limejengwa kwa mawe ya matumbawe na kupakwa chokaa, urefu wake hatua tano, upana hatua tatu, na maji yake humfika mtu kiunoni. Wakati wa kiangazi maji hutoka kisimani kwa ndoo ya ngozi. Wakati wa masika hutiririka kutoka darini kwa mfereji wa mti. Katikati ya sakafu limejengewa bakuli la kauri la buluu, ili maji yakipungua samaki wapate pa kukimbilia. Samaki wenyewe ni perege wadogo, tunaowatoa Mto Kingani, na kazi yao ni kula viluwiluwi vya mbu. Bila wao, kwa wiki moja tu maji hujaa wadudu, na watu wakawa wanasukutua vinywa kwa mbu. Wako waliolalamika kwamba perege wanawadonoa vidole vya miguu. Fundi Kondo aliwaambia kwamba samaki hawadonoi mguu safi. Haikuwa kweli, lakini malalamiko yalipungua.

Kwa kuwa macho yake yalikuwa yanakwenda, kila asubuhi ilinibidi nimsimulie samaki. Hapo ndipo nilipojifunza kazi. Nikimwambia, "Fundi, yule mmoja anaumwa," alikasirika kama nimemtukana. "Sikukuuliza anaumwa au haumwi. Niambie unaona nini." Nikawa nasema: ana mistari myeusi ubavuni, saba. Pezi la mgongo limechanika mahali pawili. Anakaa pembeni, kichwa amekiinamisha. Yeye ndiye aliyeamua kama ni ugonjwa, na mara nyingi hakuwa mgonjwa hata kidogo.

Maana rangi ya perege hubadilika kwa mambo mengi. Akiogopa, mistari ya ubavuni hukoza ghafla. Mtu akipiga kelele ngazini utaiona inatokea, na baada ya muda inafutika. Akikaa juu ya sakafu nyeupe, mwili wake hupauka, na akiingia kwenye kivuli chenye ukoga hukoza. Dume anapotaka jike, koo lake huwa jeusi na ncha za mapezi yake huwa nyekundu kama amechovya kwenye tambuu. Yote hayo si ugonjwa. Mtu asiyejua humwondoa dume mwenye afya kuliko wote na kumtia chunguni peke yake, naye huko hupauka kwa huzuni, na yule mtu akasema, unaona, amepona.

Nami nilifanya makosa yangu. Mwezi wangu wa tatu kazini niliona jike ambaye mashavu yake yamevimba, hataki kula, amejitenga. Nikasema hili ni jipu. Nikamtoa kwa kikapu, nikamtia kwenye chungu cha maji ya chumvi. Mara akafumbua kinywa, wakatoka watoto kama punje za mtama, kumi, ishirini, wakaenea chungu kizima. Kumbe perege huwalea wanawe kinywani. Fundi Kondo alicheka mpaka ikabidi nimshike asianguke ndani ya birika, na kwa muda mrefu kila mwanamke mjamzito alipopita mtaani Fundi aliniuliza kama nimeshaandaa chumvi.

Kosa la pili halikumchekesha. Kanuni yake ilikuwa kwamba samaki mgeni kutoka mtoni akae wiki tatu katika chungu chake kabla ya kuingia birikani. Mimi nilileta perege wanane, nikawaona wazuri, wanang'aa, nikawaachia siku ile ile. Siku ya kumi nikaona vidoa vyeupe juu ya mapezi, vidogo, kama mtu amewanyunyizia chumvi. Siku ya kumi na mbili vidoa vilikuwa mwili mzima, na samaki wakawa wanajisugua kwenye mawe kama mbuzi mwenye upele. Tuliwatia kwenye vyungu vya chumvi, tukawabadilishia maji kila asubuhi, tukalikausha birika juani. Hata hivyo zaidi ya nusu walikufa. Fundi hakunigombeza. Alinitaka niwapange maiti juu ya jamvi, kisha nimsimulie mmoja baada ya mmoja, alikuwaje. Nilipofika wa kumi na nane nikaanza kulikunja jamvi. Akasema, "Endelea."

Kwa hiyo andikeni haya vichwani. Vidoa vyeupe kama chumvi: usingoje kesho. Kitu kama pamba kwenye jeraha: mtoe, chumvi, maji mapya. Magamba yaliyosimama kama nanasi: mtenge, na usitumaini sana. Vitone vyeusi kama habasoda chini ya ngozi: mwache, ataishi navyo miaka, kama sisi tunavyoishi na ndevu. Na ukiona rangi ambayo huwezi kuieleza, usiipe jina ili moyo wako utulie. Hiyo ya mwisho niliijua kwa kulipia, na sasa nafika hapo.

Fundi Kondo alikufa mwishoni mwa kipupwe kimoja, kwa kile kikohozi. Siku zake za mwisho hakuona kitu, lakini aliuliza kila asubuhi wako wangapi. Nilibaki peke yangu na birika kwa miezi, mpaka alipokuja Maganga.

Maganga alikuwa mpagazi kutoka Unyamwezi. Aliingia mjini na msafara wa pembe za ndovu, akiwa na kidonda mguuni chini ya goti, na wenzake walipogeuka kurudi bara hakuweza kutembea. Wakamwacha. Alisilimu katika msikiti wetu akapewa jina la Salum, lakini hakuna aliyelitumia isipokuwa imamu. Alifagia ua, akanisaidia kuteka, na alikuwa na macho makali kuliko yangu. Aliwapa perege majina ya viongozi wa misafara aliowahi kuwabebea mizigo. Mwenye tumbo kubwa na mwendo wa polepole alimpa la kiongozi aliyekuwa mkali kuliko wote, na hakukubali nicheke.

Alikuwa na mama kwao, na ndugu. Kila msafara ulipoondoka kwenda bara alituma salamu: mwambieni mama niko Bagamoyo, nakaa kwenye msikiti wenye samaki.

Mwaka wa pili wa Maganga, katikati ya kiangazi, sakafu ya birika ilipasuka, maji yakawa yanapotea. Mafundi wa chokaa walitengeneza mara mbili, ikapasuka tena. Ndipo tajiri mmoja wa pembe, Bwana Nasoro, ambaye mama yake alikuwa amefariki mwaka ule, akatoa shaba. Zilikuwa bamba za shaba za kuvika chini ya jahazi, mpya, akazitandika sakafu nzima ya birika ziwe sadaka ya marehemu. Zilizibwa vizuri mno. Maji yalitulia, na jua la asubuhi lilipoingia birika lote liling'aa kama sinia. Watu walikuja kutazama. Mimi mwenyewe nilijivuna kama nimelitengeneza kwa mikono yangu.

Baada ya wiki moja Maganga akaniambia, "Bwana Athumani, samaki wamekuwa weusi."

Nikatazama. Kweli walikuwa wamekoza. Si mistari, bali mwili mzima, rangi ya masizi, tena juu ya sakafu inayong'aa. Mimi niliyefundishwa kwamba juu ya sakafu nyeupe samaki hupauka nilipaswa kusimama pale pale. Badala yake nikasema, "Wanaogopa mng'aro. Watazoea."

"Wanaogopa wiki nzima?"

"Watazoea," nikasema tena.

Hawakufa, na hilo ndilo lililonidanganya. Maji ya kisima chetu ni mazito, yana chokaa, na kumbe yaliizuia ile shaba isiwadhuru haraka. Masika yalipoanza, mfereji ukajaza birika maji ya mvua, yasiyo na chokaa, kwa siku tatu mfululizo. Siku ya Alhamisi niliwakuta samaki wanahema juu ya maji, wamefunikwa na ute mweupe uliofifia kama maji ya mchele. Mashavu yao, nilipoyafunua, hayakuwa mekundu tena bali rangi ya udongo. Ijumaa asubuhi wote walikuwa wanaelea.

Watu wakaja kutawadha kwa sala ya Ijumaa wakakuta birika la maiti. Wawili waliosukutua kabla ya kuambiwa wakatapika uani. Kelele zikaanza. Mtu mmoja akasema kwamba Jumatano alimwona Maganga karibu na birika akiwa na furushi la mizizi na majani. Mwingine akasema naye alimwona. Baada ya muda mfupi walikuwa kumi waliomwona.

Ilikuwa kweli kwamba alikuwa na majani. Yalikuwa ya kidonda chake. Aliyaosha nje, kwenye mtaro unaopeleka maji machafu barabarani, na maji yale nilimmiminia mimi. Nililisema hilo. Nililisema mara moja, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, na zile kelele zikalimeza. Sharifu Omari, msimamizi wa wakfu, mzee mpole ambaye sijapata kumsikia akimtukana mtu, akaniuliza mbele ya wote, "Athumani, wewe ndiye unayewajua samaki. Wamekufa kwa nini?"

"Sijui bado," nikasema. "Nipeni siku chache."

Lilikuwa jibu la kweli. Lakini wao walisikia kwamba sikukanusha. Vijana wa mtaa wakamkamata Maganga wakamfungia kwenye ghala la chumvi lililo nyuma ya nyumba za mawe, angoje mpaka aseme alichotia majini. Alipopitishwa mbele yangu hakupiga kelele. Alinitazama tu, kama anayengoja nimalize kusema.

Alasiri ile ile nilichukua vyungu viwili vya udongo, nikavijaza maji ya mvua. Nilikuwa na perege sita wageni waliokuwa wakimaliza wiki zao tatu. Nikaweka watatu huku na watatu huku. Katika chungu kimoja nikatia kipande cha shaba kilichosalia mafundi walipokata bamba. Nikakaa. Jumamosi hakuna tofauti. Jumapili wale wa chungu cha shaba wakaanza kukoza. Jumatatu walikuwa weusi na ute umewaanza. Jumanne asubuhi wawili walikuwa wamekufa na wa tatu anahema, mashavu rangi ya udongo. Katika chungu cha pili watatu walikuwa wanakimbizana.

Nikaenda moja kwa moja kwa Sharifu Omari, nimebeba vyungu vyote viwili.

Alitazama kwa muda mrefu. Alielewa upesi, hakuwa mjinga. Kisha akasema, "Shaba hii ni sadaka ya mama yake mtu, Athumani. Bwana Nasoro yuko Unguja, anarudi Alhamisi. Tukisema leo, atashuka bandarini asikie kwa wachukuzi kwamba sadaka ya mama yake imeua samaki na kuwatapisha watu. Ngoja aje. Nitamwambia mwenyewe faraghani, kisha utasema."

"Na Maganga?"

"Maganga amefungiwa tu. Anakula, nimeuliza. Siku mbili hazimuui mtu."

Nikakubali. Ningependa kuandika kwamba nilibishana, lakini sikubishana. Niliona maneno yake yana adabu, na mimi nilikuwa mtu wa Mbegani niliyepewa kazi na wakfu. Nikarudi nikavifunika vyungu kwa jamvi.

Jumatano, kabla ya adhuhuri, walimpiga. Wale vijana walichoka kungoja aseme. Walimtoa uani mwa ghala wakampiga kwa viboko vya ngozi ya kiboko, na alipoinua mkono kujikinga, mmoja akaupiga kwa mchi. Nilikuwa msikitini, si mbali. Nilisikia. Nilijiambia huenda ni mtu mwingine, na nilijua kwamba najidanganya.

Alhamisi jahazi la Bwana Nasoro likachelewa. Ijumaa sikungoja tena. Baada ya sala, kabla watu hawajainuka, nilisimama nikaleta vyungu vyangu viwili, nikasema kila kitu: shaba, maji ya mvua, majani ya kidonda niliyoyamiminia maji kwa mkono wangu. Sharifu Omari aliinamisha kichwa. Hapo akainuka mtu kutoka safu ya nyuma, bado ana vumbi la safari. Alikuwa Bwana Nasoro, ameshuka saa ile ile, hakuna aliyekuwa amepata nafasi ya kumwambia lolote.

Akaja akainama juu ya vyungu. Akatazama hiki, akatazama kile.

"Ndiyo hivyo tu?" akauliza. "Ni shaba?"

"Ni shaba, Bwana."

"Basi ing'olewe. Mbona hamkuing'oa? Mama yangu angetaka maji yenye sumu?" Akavua joho lake, akapandisha kanzu, akashuka birikani mwenyewe, akaanza kuibandua kwa mikono. "Mngeniletea habari Unguja ningejibu siku ile ile," akasema kutoka chini. Hakulisema kwa hasira. Ndiyo sababu nimelikumbuka.

Jumamosi asubuhi Maganga, aliyekwisha kufunguliwa ghalani, alikuja. Mkono wake wa kulia ulifungwa kwa kitambaa, vidole vimevimba, na kwa jinsi vilivyoelekea nilijua havitakunjika tena. Alikuja kuchukua mkeka wake. Nilimletea maji kwenye kata, akayaweka kando.

"Wameniambia ulionyesha kwa vyungu," alisema.

"Ndiyo."

"Ulijua lini?"

Ningeweza kusema Ijumaa. Hakuna aliyejua ila mimi na Sharifu Omari. "Jumanne," nikasema.

Akahesabu. Niliona midomo yake ikihesabu. "Jumanne," alisema. "Jumanne nilikuwa na mikono miwili."

Alikunja mkeka kwa mkono mmoja, kazi iliyomchukua muda, na hakukubali nimsaidie. Msafara ulikuwa unaondoka siku ile. Mtu wa mkono mmoja habebi pembe, basi akaufuata nyuma, bila mzigo na bila posho, anachechemea. Niliusindikiza kwa macho mpaka mwisho wa mitaa. Hakugeuka.

Nililijaza birika upya. Nilikwenda mtoni, nikaleta perege, nikawaweka wiki tatu, na sikumsimulia mtu. Kila msafara ulipoingia kutoka bara niliuliza: mnamjua Maganga, mwenye mkono mbovu? Wengi hawakumjua. Mmoja alisema alimwona Usagara, mwingine akasema si yeye. Sharifu Omari alikufa kabla ya vita, na mpaka anakufa alikuwa akija kila Ijumaa kusimama juu ya birika, anatazama chini, anaondoka. Hatukuzungumza jambo lile hata mara moja. Kisha vita vikaja, mizinga ikapiga mji, nusu ya watu wakakimbilia mashambani. Mimi nilibaki kwa sababu samaki hawakimbii. Risasi moja ilitoboa mfereji, mtaona kiraka. Bendera zikabadilika, misafara ikasimama, ikaanza tena michache.

Miezi miwili iliyopita, baada ya adhuhuri, alikuja mtu uani. Alikuwa mrefu, mvi chache, na paji la uso nililolijua kabla hajasema neno. Alinisalimu kwa Kiswahili cha njiani.

"Namtafuta ndugu yangu," alisema. "Mimi ni Mihambo. Ndugu yangu anaitwa Maganga. Alituletea salamu kwamba anakaa kwenye msikiti wenye samaki."

"Hajafika kwenu?"

"Hajafika. Salamu zilikuja, kisha zikakoma. Mama amezeeka, ameniambia niende nikamtazame."

Nikamkaribisha kivulini, nikamweleza yote. Sikumficha Jumanne. Alisikiliza akiwa amekaa wima, mikono juu ya magoti, na hakunikatiza hata mara moja. 

"Walimpiga kwa sababu ya samaki," alisema.

"Ndiyo."

"Naweza kuwaona?"

Akavua viatu, akaosha miguu mtaroni, nikamshusha ngazi. Perege wakaja juu kundi zima, walidhani tumeleta chakula. Mihambo akachuchumaa. Mmoja, dume, koo jeusi na ncha nyekundu, akasogea mpaka karibu na mkono wake. Akanyoosha kidole juu ya maji, akampima. Samaki hakumaliza kidole.

"Wadogo hivi," alisema.

 Akakaa pale kitambo kirefu kuliko nilivyoweza kuvumilia, kisha akainuka, akajifuta mikono kwenye nguo yake.

"Mama nitamwambia alikufa kwa ndui," alisema. "Ndui anaifahamu."